Hasara ya Manunuzi Huanza Kabla ya Mali Kufika



Reli iliyowahi kutoka bandari ya Mtwara hadi Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya karanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 iling'olewa, kwa sababu karanga zenyewe hazikupatikana.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Serikali yake ilimtuma John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, pamoja na wenzake wawili. Katika wiki tisa, nchi ikitazamwa zaidi kutoka ndegeni, watu hao watatu walitoa mpango wa kulima zaidi ya ekari milioni 3 kwa gharama ya pauni milioni 25 hivi. Yalipendekezwa mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, na 55 kati ya hayo yangekuwa katika Jimbo la Kusini. Hapakutangulia shamba la majaribio.

Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947, kwa kuwa Kusini hapakuwa na bandari kubwa wala reli. Matrekta mapya yalikuwa adimu baada ya vita. Basi yakanunuliwa yaliyosalia katika bohari za majeshi, mengine mbali kama Ufilipino. Na vifaru aina ya Sherman vikageuzwa na kiwanda cha Vickers kuwa matrekta, yakaitwa Shervick. Kwa mnunuzi mwenye haraka ile ilionekana bahati njema. Lakini mengi yalifika yakiwa yamechoka, ya aina mbalimbali, vipuri vya hili havifai katika lile, na mafundi wa kuyatengeneza walikuwa wachache. Udongo wa Kongwa nao, ambao wakati wa kiangazi huwa mgumu kama tofali, uliyala majembe. Mbegu zilizonunuliwa zikazidi karanga zilizovunwa. Mpango ulipovunjwa mwaka 1951, pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimepotea. Gati la Mtwara likakamilika mwaka 1954, likiwa limechelewa miaka mitatu kwa shehena lililojengewa. Hilo angalau lipo na linatumika.

Inafaa kuangalia kwamba katika habari yote hii jambo linalotajwa zaidi si wizi. Siku hizi hatari ya manunuzi ikitajwa katika ofisi, mawazo hukimbilia rushwa peke yake, kana kwamba afisa mwaminifu hawezi kuitia umma hasara. Anaweza, na nyaraka zake zote zikawa safi. Waliopanga karanga hawakuuliza vya kutosha mvua inanyesha kiasi gani, wala nani atatengeneza mashine ikiharibika. Na kila kilichonunuliwa kilifanya iwe vigumu zaidi kusimama: reli imekwisha agizwa, basi mashamba hayana budi kuendelea, mashamba yamefyekwa, basi matrekta zaidi yaletwe. Afisa wa chini aliyeona kasoro angesema nini mbele ya mpango ambao Waziri John Strachey alikuwa akiutetea Bungeni London?

Leo Tanzania inayo Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na zabuni hupitia mfumo wa NeST. Mfumo huo huonyesha nani ameomba na kwa bei gani. Haujui mkorosho unachanua lini. Wakulima wa Ruangwa na Nachingwea wanajua: salfa hupigwa maua yanapoanza kutoka, katika miezi ya kiangazi, ili kuzuia ubwiri unga. Salfa iliyonunuliwa kwa bei nafuu kabisa, kwa kufuata kila kifungu, ikifika baada ya ugonjwa kushika maua, ni vumbi la njano tu ghalani. Hapo mkaguzi wa hesabu hataona kosa. Mkulima ataliona kwenye mizani.

Kwa walimu jambo hili liko karibu zaidi, maana shule nyingi sasa hujenga madarasa kwa kamati zake na mafundi wa mahali hapo, na Mwalimu Mkuu hujikuta amekuwa mnunuzi bila kusomea kazi hiyo. Fedha huingia, mwisho wa mwaka wa fedha unakaribia, na saruji yote hununuliwa siku moja. Msingi haujachimbwa, stoo inavuja, na masika yakikuta mifuko imepangwa juu ya sakafu ya udongo, inaganda. Hati ya kupokelea mali itasomeka mifuko 200, nayo ni kweli ilipokelewa mifuko 200.

Kabla ya kusaini, kamati ingemwita fundi aseme wiki ya kwanza anahitaji mifuko mingapi, na mtunza stoo aseme ana nafasi ya mingapi pakavu. Mzabuni angekubali kuleta kwa mafungu, na alipwe kwa kila fungu lililohesabiwa. Na mjumbe anayesema "tusinunue kwanza" jina lake na sababu zake ziandikwe katika kumbukumbu za kikao, hata kama wengine wote wamekwisha kukubali.