SAFARI YA KISIWANI KWA MFUKO WA MFANYAKAZI

(Maneno yaliyosomwa na mwanachama mmoja wa reli katika mkutano wa tawi, Nairobi. Yamepigwa chapa kwa ombi la wanachama waliokuwa kazini siku ile.)



Nimeombwa niseme machache juu ya safari yetu ya kisiwa cha Pate. Mimi si msemaji. Shule yangu ilikuwa ya msingi tu, ya misheni, na kazi yangu ni spana na grisi. Lakini wengi wamenisimamisha karakanani wakaniuliza, "Mlikwendaje huko kwa shilingi 12,000, kwenda na kurudi?" Basi nimeona ni afadhali niwajibu wote mara moja. Tena nitawaeleza habari ya safari ya kwanza, ambayo haikwenda vizuri, na kosa lilikuwa langu.

Kwanza niseme kwa nini mfanyakazi asafiri. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inasema kwamba mtu akiisha kufanya kazi miezi kumi na miwili mfululizo anastahili likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Hiyo ni haki, wala si zawadi ya mkubwa. Lakini sisi tunaifanya nini? Mmoja anatafuta kibarua kingine, mwingine analala nyumbani akihesabu siku. Sisi tunapeleka abiria baharini kila siku ya Mungu, na wako kati yetu ambao hawajapata kutia mguu katika maji ya chumvi. Mwenzetu mmoja, mtu wa kutengeneza njia, alikuwa amekaza misumari ya reli miaka kumi na mmoja, na bahari aliiona kwa mbali tu, kutoka darajani.

Sasa, kwa nini Pate? Kisiwa hicho kimo katika visiwa vya Lamu, upande wa kaskazini wa pwani yetu. Hakuna daraja la kukifikia, ni chombo tu. Hakina mahoteli makubwa ya watalii, kwa hiyo mtu wa mshahara mdogo hatazamwi vibaya. Tena ni nchi ya watu wenye heshima kubwa katika lugha hii tunayosema. Mwana Kupona, yule mama aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858, alikuwa mtu wa Pate. Katika mji wa Siyu iko ngome ya mawe, na watu wa Siyu ndio waliowashinda askari wa Sultani Sayyid Said katika miaka ya 1840. Karibu na Siyu yako magofu ya Shanga, ambako wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta misingi ya misikiti ya zaidi ya miaka elfu moja. Niliposoma mambo hayo nikasema, mbona wazungu wanatoka kwao kuyatazama, na mimi niliye Nairobi sijafika?

SAFARI YA KWANZA

Mwaka 2023, mwezi wa Julai, tulipanga kwenda watu sita. Mimi ndimi niliyefanya makisio. Nilikaa na karani mmoja wa bohari, tukapiga hesabu kwa mishahara yetu sisi wawili, tukatangaza: kila mtu aje na shilingi 20,000 siku ya kuondoka. Hatukuuliza mtu. Wote wakaitikia, "Sawa." Nami nikaona neno "sawa" limetosha.

Mombasa tulikula hotelini kama matajiri. Lamu tulipanda mashua ya kutembea tu. Hakuna aliyeandika kitu. Mali bila daftari huisha bila habari, na zetu ziliisha hivyo hivyo. Tulipofika Faza, mji ulio kaskazini ya kisiwa cha Pate, fedha zilikuwa zimebaki za kurudi tu, na hizo nazo tulianza kuzila.

Siku ya kurudi tulimwuliza nahodha, "Chombo kinaondoka saa ngapi?" Akajibu, "Tunaondoka na maji." Sisi tukacheka, tukadhani ni mzaha wa pwani. Tukaenda tukalala. Saa mbili asubuhi tukashuka na mizigo yetu, tukakuta tope na mikoko. Maji yamerudi mbali na chombo hakipo. Kilikuwa kimeng'oa nanga saa tisa usiku. Tulikaa siku nyingine, na tulipofika Lamu tukakuta basi limejaa. Tulirudi kazini tumechelewa siku mbili. Wawili wetu walipewa barua za onyo, nasi hatukuwa na neno la kujitetea.

Ndugu zangu, hilo la barua ni dogo. Kubwa ni hili. Mwezi wa Septemba mke wangu aliniambia kwamba mtoto wa yule mwenzetu wa njia amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Nikashangaa, kwa maana tulikuwa naye safarini. Nikamwendea nyumbani. Kumbe zile shilingi 20,000 alikuwa amezikopa kwa riba, na kila mwisho wa mwezi mkopeshaji ndiye wa kwanza kula mshahara wake. Nikamwuliza, "Ndugu yangu, mbona hukusema kwamba huna?" Akatazama chini, akasema, "Ningesema sina, mngeniacha. Nami nilitaka kuigusa bahari."

Neno hilo lilinichoma. Katika Injili yuko mtu aliyetaka kujenga mnara asihesabu kwanza gharama, na watu wakamcheka. Mimi nilikuwa mbaya kuliko huyo, kwa maana nilihesabu gharama yangu nikamtwika mwenzangu. Wale watano tulichanga, tukamlipia mtoto karo ya muhula ule. Kisha tukaapa kwamba tukienda tena, tutakwenda kwa njia nyingine.

JINSI TULIVYOPANGA MARA YA PILI

Mambo yalikuwa manne, nami nayasema kwa ajili ya mtu yeyote anayetaka kufuata.

Kwanza, mfuko wa mdogo ndio kipimo. Mwezi wa Agosti 2024 kila mtu alipewa kipande cha karatasi aandike fedha anazoweza kuweka kila juma bila kuumiza nyumba yake. Hakuna kuandika jina. Karatasi zikatiwa katika kofia, zikasomwa. Mmoja aliandika shilingi 2,000, mwingine 1,000. Ndogo kuliko zote ilikuwa 500. Basi tukachukua 500, na hakuna aliyeuliza ni ya nani. Shilingi 500 kwa majuma 24 ni 12,000. Watu sita, 72,000. Mwenye nyingi akae nazo, awanunulie watoto wake viatu. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, tuligawa fedha mafungu matatu. Theluthi ya kwanza, shilingi 24,000, ya kwenda. Theluthi ya pili ya kula na kulala. Theluthi ya tatu ya kurudi, na hiyo haiguswi hata mtu akilia machozi. Nauli ya gari moshi, Nairobi mpaka Mombasa, daraja la kawaida, ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 kuwa 1,500. Kwa hiyo kila mtu alikuwa na 4,000 za kurudi: 1,500 za gari moshi, na 2,500 za vyombo na basi. Mtu mmoja alishika fedha za kwenda na kula, mwingine alishika za kurudi. Huyu wa pili tulimchagua kwa kuwa ni mkali na hapendi mzaha. Daftari lilisomwa mbele ya wote kila siku ya mshahara, na safarini kila usiku kabla ya kulala.

Tatu, tulijifunza ratiba ya maji. Sisi watu wa reli tunajua kwamba gari haliendi mpaka njia iwe wazi. Bahari nayo ina njia yake. Kati ya kisiwa cha Manda na bara kuna mkondo mwembamba uitwao Mkanda, ambao vyombo vya kwenda Pate hupita. Maji yakipwa, chombo kikubwa hakipiti. Basi shikeni hesabu hii: siku za mwezi mwandamo na za mwezi mpevu, pwani yetu maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne asubuhi yamekupwa. Kila siku yanachelewa kwa kadiri ya dakika 50. Kwa hiyo baada ya juma moja mambo yamegeuka, saa nne asubuhi ndiyo saa ya kujaa. Mwezi mpevu ulikuwa tarehe 12 Februari 2025. Sisi tukachagua kuvuka tarehe 6, ili maji yajae mchana na sisi tuone tunakokwenda. Lakini hesabu hiyo ni ya kupangia tu. Neno la mwisho ni la nahodha. Nilipomweleza yule nahodha jinsi tulivyoachwa mwaka ule, alicheka akasema, "Nyinyi mna gari la moshi, sisi tuna maji. Yakitoka yametoka."

Tena tazameni majira. Mwezi wa Julai ni wakati wa kusi, bahari ina mawimbi na watu hutapika. Februari ni kaskazi, joto ni kali lakini bahari imetulia. Aprili na Mei ni mvua za masika. Angalieni pia mwezi wa Ramadhani, msije mkawa mzigo kwa wenyeji wanaofunga. Na siku za Maulidi Lamu hujaa wageni hata vyumba haba.

Nne, tuliacha siku mbili tupu mwisho wa likizo. Siku hizo si za kutembea. Ni kama breki. Basi likijaa, au bahari ikichafuka, unatumia siku hizo wala hupati barua.

NJIANI NA KISIWANI

Tuliondoka Jumanne tarehe 4 Februari na gari la asubuhi. Usiku ule tulilala Mombasa kwa mfanyakazi mwenzetu, tukampelekea mboga na viazi vya bara. Siku ya pili tulipanda basi mapema, tukapitia Malindi na Garsen mpaka Mokowe, ambako barabara inakoma kwenye gati. Hapo mtu hupanda mashua mpaka mji wa Lamu. Niseme kweli juu ya njia hiyo. Sehemu za bara za Lamu zimepata mashambulio, kama lile la Mpeketoni la Juni 2014. Msikate tikiti kabla ya kuuliza hali ya njia wakati huo. Safirini mchana, na vitambulisho viwe mkononi.

Siku ya tatu tukavuka. Chombo cha abiria hupita Mtangawanda, ambako watu wa mji wa Pate hushuka, kisha huendelea Faza. Tulichukua mchele, maharagwe na sukari kutoka Lamu, tukalala katika nyumba ya mtu tuliyepatana naye mbele kwa simu. Mama wa nyumba alitupikia, nasi tukachota maji na kupasua kuni. Samaki tulinunua kwa wavuvi wakishuka. Siku nne tulikaa, tukatembea mpaka Siyu kutazama ngome. Fedha taslimu chukueni kutoka Lamu, na ziwe noti ndogo.

Juu ya adabu: salimieni wazee kwanza, vaeni nguo za heshima, pombe iacheni Nairobi, na msimpige mtu picha bila ruhusa. Sisi watano ni Wakristo na mmoja Mwislamu, na hakuna aliyetuuliza dini kabla ya kutukaribisha.

Yule mwenzetu wa njia? Jioni ya kwanza Faza alikunja suruali, akaingia majini mpaka magotini, akasimama kimya muda mrefu. Hatukumsemesha. Aliporudi alisema tu, "Safari hii sina deni."

Tarehe 10 tulirudi Lamu na maji ya mchana, na tarehe 12 tukafika Nairobi. Daftari lilipofungwa zilibaki shilingi 2,100, tukagawana 350 kila mtu. Siku mbili za breki tulizilala nyumbani.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza. Katika chama hiki tunasema sana habari ya umoja tunapodai nyongeza ya mshahara, na ni vizuri. Lakini umoja hupimwa pia pale watu wanapotaka kufurahi pamoja. Mwenzako akisema "sawa" upesi, mwulize tena, mkiwa wawili tu. Wako wanaosema "sawa" kwa sababu wanaogopa kuachwa. Mwaka huu yuko anayetaka tufanye kundi la pili, na kofia ya karatasi ninayo mimi. Atakaye aje karakanani wakati wa chai.