Kuchora Nje kwa Pamoja: Maneno kwa Vikundi vya Wachoraji

Mmeniomba niseme juu ya kutoka nje na kuchora mandhari pamoja. Wengine wenu mnauliza, "Mchoraji si hufanya kazi peke yake? Kikundi cha nini?" Basi sikilizeni habari ya vijana wa Ufaransa.

Zamani rangi ya mafuta ilibebwa katika vifuko vya kibofu cha nguruwe, navyo vilipasuka ovyo. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand akabuni tyubu ya bati. Ikawa rahisi kwenda na rangi mpaka porini.

Mwaka 1869 Monet na Renoir walichora bega kwa bega kando ya mto Seine, mahali paitwapo La Grenouillère. Maji ni yale yale, mashua ni zile zile, lakini kila mmoja akatoa picha yake. Walikuwa na shida kweli kweli. Renoir alimletea Monet mkate kutoka nyumbani kwao, asilale njaa.

Maonyesho rasmi ya Paris yalikataa picha zao mara nyingi. Je, walikaa wakilia? Hapana. Desemba 1873 waliunda chama cha ushirika, wakachanga pesa, na Aprili 1874 wakafungua maonyesho yao wenyewe, wachoraji karibu 30. Watu walikuja, wengine kucheka tu. Hesabu ilipofanywa mwisho wa mwaka, kulikuwa na deni. Chama kikavunjwa.

Hapo ndipo vikundi vyetu vingi hufia, si ndiyo? Lakini wao walirudi mwaka 1876, na mpaka 1886 walikuwa wamefanya maonyesho 8. Leo picha zao zinajulikana dunia nzima.

Kwa hivyo mkitoka, fanyeni hivi. Chagueni mahali pamoja, lakini mtu asimwige jirani. Wekeni alama ya vivuli mapema, maana jua halingoji. Mkimaliza, pangeni picha kwenye nyasi. Kila mmoja ataje jambo zuri na jambo la kurekebisha katika kazi ya mwenzake. Mwenye rangi amgawie asiye nayo. Na mkianza kuuza, mweka hazina aandike kila shilingi, asomee wote hesabu kila mwezi, ili deni lisiwajie kama mwizi usiku.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mungu awabariki.