Nuru Inayosafisha Mawe

Hotuba fupi kuhusu utunzaji wa mawe na vioo vya kale



Tumepewa dakika chache katika maadhimisho haya tuzungumze juu ya utunzaji wa majengo ya kale. Tumechagua jambo moja, nalo ni matumizi ya leza, yaani mwanga uliokusanywa katika mwale mmoja wenye nguvu, katika kusafisha mawe na vioo. Tumelichagua kwa kuwa linaleta swali ambalo kila mtunzaji wa jengo la ibada hana budi kujiuliza: uchafu unaishia wapi, na kumbukumbu inaanzia wapi?

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Marumaru na mawe ya chokaa yameumbwa kwa kalsiamu kabonati. Moshi wa makaa ya mawe na mafuta huijaza hewa gesi za salfa. Gesi hizo zikikutana na unyevu juu ya jiwe, uso wake hugeuka kuwa jasi. Jasi nayo hunasa masizi, na hatimaye hujengeka ukoko mweusi. Tukiukwangua kwa brashi ya waya, jiwe nalo hukwanguka. Tukiumwagia tindikali, marumaru hutoa povu na kuyeyuka, na mchongo wa fundi huondoka pamoja na uchafu.

Mwaka 1972, mwanafizikia Mmarekani John Asmus alikuwa Venice, Italia, akitumia leza kuchukua picha za holografia za sanamu zilizokuwa zikiharibika. Alipoelekeza mwale kwenye ukoko mweusi, ukoko ulitoka na jiwe jeupe likabaki. Sababu yake anaijua kila aliyewahi kuvaa nguo nyeusi juani: cheusi hunyonya mwanga, cheupe huurudisha. Mwale hutolewa kwa mapigo mafupi mno, ya sehemu chache za bilioni za sekunde. Ukoko hupata joto la ghafla na kuruka ukiwa vumbi na mvuke kabla joto halijapenya ndani. Mwale ukifika penye weupe, sehemu kubwa yake hurudishwa, na kazi hukoma yenyewe.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba mashine hujua kila kitu. Huko Athens, Ugiriki, yamo marumaru ya Akropoli yaliyochongwa zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Juu yake, chini ya ukoko, umo utando wa rangi ya asali, na mahali pengine mabaki ya rangi za kale. Hayo si uchafu, ni historia. Tena, ilionekana kwamba mwanga wa infraredi peke yake huweza kuliacha jiwe na umanjano. Ndipo wataalamu wa Akropoli na wenzao wa kituo cha utafiti cha FORTH, kisiwani Krete, walipounganisha mapigo ya infraredi na ya urujuanimno kwa wakati mmoja, kwa vipimo vilivyojaribiwa kwanza. Kwa njia hiyo walisafisha pia Kariatidi, zile sanamu za wanawake wanaobeba dari kichwani, ndani ya makumbusho, wageni wakitazama.

Kwenye vioo vya rangi vya makanisa ya kale ya Ulaya, ugumu huzidi. Nyuso na mikunjo ya nguo katika picha zile vilichorwa kwa rangi nyeusi iliyochomwa juu ya kioo. Mwale unaonyonywa na ukoko huweza kunyonywa na mchoro vilevile. Hapo mwanga haujui pa kukomea. Anayejua ni binadamu, naye mara nyingi huchagua brashi laini na subira.

Ndugu zetu, mitambo ya leza ni ghali, nayo huhitaji wataalamu, miwani maalumu na vifaa vya kufyonza vumbi. Hatupendekezi inunuliwe. Lakini kanuni zake hazina bei. Moshi wa taa za samli na ubani umeacha alama kwenye nguzo zetu, na kila maadhimisho yanapokaribia hutujia hamu ya kuona kila kitu kinang'aa kama kipya. Basi kabla ya kugusa lolote, tupige picha. Tujaribu kwanza mahali padogo pasipoonekana. Tindikali ya kusafishia vyoo isikaribie marumaru kamwe. Na palipo na rangi au maandishi ya waliotutangulia, tusimamishe kazi, tumwite anayejua.

Mchongo ukishayeyuka haurudi, hata kwa mchango mkubwa kiasi gani. Wajukuu wetu wana haki ya kuiona kazi ya mikono iliyojenga hapa.