Usukani Uliochakaa na Uwakili Wetu

(Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi ya Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za sharika na wageni wetu wafadhili, Malinyi)



Tumeombwa tuzungumzie matengenezo ya magari ya miradi, na tumechagua kuanzia kwenye kitu kimoja kidogo, nacho ni usukani. Sababu ni kwamba katika makisio ya mwaka huu kuna mstari unaosema "usukani na mfumo wake", na baadhi ya kamati zimeuliza: gari linatembea, usukani unazunguka, fedha hizo za nini? Swali hilo ni halali, na linastahili jibu kamili.

Usukani unachakaaje?

Magari yetu mengi ni Toyota Land Cruiser za zamani. Huegeshwa juani mchana kutwa, na jua hukausha plastiki na mpira wa usukani hadi ukapasuka. Masika unyevu huingia kwenye nyufa hizo. Jasho la mikono hulainisha ngozi ya juu ikawa inanata, na vumbi la kiangazi huisugua kama msasa. Baada ya miaka mingi chuma cha ndani huanza kuonekana.

Dereva naye hutafuta njia yake. Huzungushia kipande cha tyubu, kitambaa au plasta, au hununua kava la kuvalisha. Hapo ndipo hatari inapoanza. Kava lililolegea huzunguka peke yake mkononi wakati magurudumu yamebaki palepale. Kwenye barabara ya kutoka Lupiro kuja Itete, Mtimbira na hapa Malinyi, mvua ikinyesha na gari likiingia kwenye mkondo wa matairi ya malori, dereva ana sekunde moja tu ya kulirudisha. Sekunde hiyo ikipotea, gari liko mtaroni, na ndani yake pengine yumo mama mjamzito anayepelekwa Hospitali ya Lugala.

Uchakavu wa juu na ugonjwa wa ndani

Ndugu wajumbe, tofautisheni mambo mawili. Usukani uliobanduka ni uchakavu wa juu. Usukani unaocheza ni dalili ya ugonjwa wa ndani. Kava zuri haliponyi tai rodi iliyokwisha. Kwa hiyo kabla ya kuidhinisha fedha za kava, kamati iombe vipimo hivi vitatu, ambavyo havina gharama:

1. Gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yanyooke, na kama lina pawa steringi injini iwe inaunguruma. Zungusha usukani taratibu huku na huku hadi tairi lianze kusogea. Pima kwa rula umbali ambao ukingo wa usukani umekwenda bure. Kikomo kimeandikwa katika kitabu cha gari. Kwa magari mengi ya aina hii ni takriban sentimita 3 hadi 4. Ukizidi hapo, gari lisitoke kabla fundi hajalikagua.

2. Shika usukani kwa mikono miwili, uvute kwako, usukume, kisha utikise juu na chini. Ukilegea, huenda nati yake au bushi za shafti zimelegea.

3. Mtu mmoja azungushe usukani kidogo kidogo, na mwingine atazame chini ya gari akiwa pembeni, gari likiwa limewekwa vigingi. Atazame tai rodi, boljointi na steringi boksi. Kinachocheza bila kusukuma tairi ndicho kilichokwisha.

Dawa zake, kuanzia ya bei nafuu

Usukani uliochafuka au unaoanza kunata uoshwe kwa maji na sabuni kidogo, ukaushwe vizuri. Usipakwe mafuta wala dawa ya kung'arisha dashibodi, kwa maana utateleza.

Ngozi ya juu ikiwa imebanduka lakini chuma ni kizima na hakijapinda, mpelekeeni fundi wa viti vya magari. Ashone ngozi juu ya usukani wenyewe, ikaze kabisa. Kazi hii hudumu kuliko kava la kuvalisha, na fundi wa aina hiyo anaweza kupatikana Ifakara au Morogoro.

Nyufa ndogo kwenye plastiki ngumu huzibwa kwa gundi ya kuchanganya, kisha hupigwa msasa na rangi. Lakini usukani uliopinda kwa ajali, au uliovunjika mkono mmoja, usichomelewe. Ubadilishwe.

Mkinunua uliotumika, uwe wa aina ileile ya gari, kwa sababu meno ya shafti lazima yalingane. Fundi atie alama kwenye shafti kabla ya kuuvua ili urudi ukiwa umenyooka, akaze nati kwa kipimo, na kuunganisha tena waya wa honi. Gari lenye eabegi, yaani mfuko wa hewa ndani ya usukani, lisiguswe na fundi asiyelijua. Mfuko huo unaweza kulipuka usoni pake.

Nani anayenyamaza?

Anayejua hali ya usukani kuliko sisi sote ni dereva. Hata hivyo mara nyingi hanena. Anajua akisema, gari litaegeshwa, naye hatakuwa na safari wala posho. Tunapendekeza basi dereva alipwe siku za matengenezo kama siku za kazi, na kila gari liwe na daftari ambalo ndani yake ataandika kasoro bila kuogopa. Kamati ilisome daftari hilo kila mwezi kabla ya kusaini fedha za dizeli.

Kwa wabia wetu tunasema kwa upendo na kwa uwazi. Mmetusaidia kununua magari, na tunawashukuru. Lakini mradi wa miaka mitatu ukifungwa, gari huendelea kufanya kazi miaka kumi na zaidi, na tai rodi haina mfadhili. Tunaomba kila andiko la mradi lenye gari liwe na kifungu cha matengenezo. Sharika nazo, kwa kila kilomita gari linalowahudumia, ziweke akiba kidogo katika akaunti ya spea isiyoguswa kwa shughuli nyingine.

Wapo wanaosema, liuzwe tununue jipya. Jipya nalo litapita barabara hii hii, juani hapa hapa. Tusipobadili utaratibu, litafika pale lilipofika hili, tena kwa gharama kubwa zaidi.

Tukumbuke pia tulikotoka. Zamani mto Kilombero ndio uliotuzuia. Tulingoja kivuko, na Januari 2016 kivuko kilipinduka tukaomboleza. Mwaka 2018 Daraja la Magufuli lilifunguliwa, na leo gari la kwenda Ifakara halingoji kivuko tena. Kwa kuwa kizuizi hicho kimeondoka, safari zimeongezeka, na kila safari inakula kitu kwenye gari. Serikali imetuvusha mto. Hali ya gari linalovuka ni wajibu wetu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika mfano wa talanta, Bwana aliwadai watumishi hesabu ya kile walichokabidhiwa, akiwemo yule aliyepewa kidogo. Gari la zamani nalo tumekabidhiwa.

Tunaomba kila kamati irudi nyumbani na maazimio matatu: kupima usukani mwezi huu, kufungua daftari la dereva, na kuanza akiba ya spea. Taarifa zifike ofisini kwetu kabla ya mvua za masika, ili gari litakaloonekana bovu litengenezwe wakati barabara bado inapitika.