Kompyuta Ikikataa Diski, Msikimbilie Kulaumiana

Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Mwiki, Ruiru

 Nashukuru kuona akina mama wengi. Nashukuru pia kuona vijana, kwa sababu mambo ya leo bila vijana hatuwezi kuyamaliza.

Nimeombwa niseme juu ya kompyuta. Najua wengine wenu mnafikiri mfanyakazi wa jamii amepotea njia, angesema juu ya kuku, maji ama mikopo. Lakini hii ni habari ya mikopo. Siku hizi vikundi vingi, kuanzia Githurai mpaka huku kwetu na Ruiru, haviandiki tena kwenye kitabu peke yake. Orodha ya wanachama, michango, nani amekopa na nani amelipa, yote yamo ndani ya kompyuta. Na ndani ya kompyuta yamewekwa mahali pamoja tu, yaani kwenye diski. Diski ndiyo kasha la kikundi. Kompyuta ikiikataa, kazi ya kikundi inasimama.

Kompyuta mpya ya dukani ni ghali. Kwa hivyo vikundi hufanya vile tunavyofanya na mitumba: kuchagua kipande kimoja kimoja. Sanduku linatoka huku, mazabodi, yaani ule ubao mkubwa ambao vitu vyote huchomekwa, inatoka Luthuli Avenue, diski inatolewa kwa kompyuta ya zamani, na kijana wa mtaa anaunganisha. Mimi silaumu jambo hilo. Ni jua kali, na jua kali imesomesha watoto wengi katika nchi hii. Lakini vitu ambavyo havikutengenezwa kukaa pamoja havipatani kila mara, na hapo ndipo shida inaanza.

YALIYOPATA KIKUNDI KIMOJA

Kuna kikundi cha akina mama hapa kwetu, jina sitalitaja. Walikuwa na kompyuta ndogo waliyoinunua ikiwa imetumika. Siku moja stima ilipotea, ikarudi kwa nguvu, kompyuta ikafa. Wakachanga, wakanunua vipande, na mtoto wa katibu akawaunganishia nyingine. Ile diski ya zamani ilikuwa nyembamba, kama kipande cha chingamu. Akaichomeka katika mazabodi mpya, ikaingia vizuri, skrubu ikakaza. Kompyuta ikawaka. Lakini diski haikuonekana kabisa.

Huo ulikuwa mwezi wa kugawana akiba. Maneno yakaanza. Mmoja akasema kijana amefuta deni la mama yake. Mwingine akasema viongozi wamepanga. Fundi mmoja wa mjini akawaambia diski imekufa, wanunue nyingine na walipe kazi yake. Wanachama wawili wakawa tayari kwenda kwa chifu.

Kumbe diski ilikuwa nzima. Diski za umbo hilo huitwa M.2, lakini ndani yake kuna aina mbili: zile zinazotumia njia ya SATA na zile zinazotumia njia ya NVMe. Umbo linafanana, lugha ni mbali mbali. Tundu la mazabodi yao lilielewa NVMe tu, na diski yao ilikuwa ya SATA. Ni kama kukalisha mzee wa Kitui na mzee wa Busia kwenye meza moja, kila mmoja anajua lugha ya kwao tu. Wote wako wazima, hakuna mgonjwa, lakini mazungumzo hakuna.

Mwalimu mmoja wa kompyuta aliichomoa akaitazama. Ilikuwa na mikato miwili kwenye meno yake, na diski nyingi za NVMe huwa na mkato mmoja. Hiyo ni dalili tu. Akasoma na karatasi iliyobandikwa juu yake, ikathibitisha ni SATA. Akaiweka ndani ya kijumba kidogo cha USB kinachokubali aina hiyo, akachomeka kama flashi. Daftari lote la mikopo likatokea, hakuna hata jina moja lililopotea.

Akiba iligawanywa. Lakini maneno yaliyokwisha kusemwa hayarudi mdomoni. Yule kijana mpaka leo hafiki kwenye mikutano, na mama yake aliacha ukatibu. Ndiyo maana nimesema hii si habari ya mashine peke yake.

JAMBO LA KWANZA: MSIKUBALI KUFUTA

Ukichomeka diski, pengine kompyuta itakuuliza swali kwa Kiingereza, kama unataka "Initialize" ama "Format". Maana yake ni kuitayarisha diski kama kitu kipya. Kama ni diski mpya isiyo na kitu, sawa. Kama ina hesabu za kikundi, jibu ni hapana. Usibonyeze. Wengi hupoteza kila kitu hapo, si kwa sababu diski iliharibika, bali kwa sababu mtu alikuwa na haraka ya kuifanya ionekane.

Na kama diski ni ile inayozunguka, na unasikia inagonga tik, tik, tik, zima kompyuta. Usijaribu mara kumi. Hiyo ni diski inayoumia ndani, na kila jaribio linaweza kuongeza jeraha. Hapo mtafute fundi wa kuokoa kumbukumbu.

MASWALI MATATU YA KUJIULIZA

Fundi asiyeuliza maswali ni kama daktari anayetoa dawa kabla ya kukugusa. Maswali yenyewe ni haya.

Kwanza, je, diski inapata stima? Ile inayozunguka ukiigusa utasikia inatetemeka kidogo. Kama iko kimya kabisa, angalia waya wa stima kabla ya kusema imekufa.

Pili, je, mazabodi inaiona? Kompyuta inapowaka, kuna ukurasa wa mipango unaoitwa BIOS, ambao hufunguliwa kwa kubonyeza Delete, F2 ama kibonyezo kingine kufuatana na mtengenezaji. Hapo huandikwa majina ya diski zote. Kama jina la diski yako halipo, shida iko kwenye waya, tundu, aina ya diski, ama diski yenyewe.

Tatu, kama mazabodi inaiona, je, programu inaiona? Katika Windows kuna mahali panaitwa Disk Management. Pengine diski iko pale lakini haijapewa herufi. Ikipewa herufi, inafunguka bila kufutwa kitu.

Tena tutofautishe mambo mawili: diski kuonekana, na diski kuanzisha kompyuta. Mazabodi nyingi za siku hizi huanza kwa njia ya UEFI. Diski iliyotayarishwa kwa njia ya zamani inaweza kuonekana na bado ikashindwa kuanzisha kompyuta. Hesabu zako ziko salama; ichomeke kama diski ya pili, uzinakili.

SABABU ZA KUTOPATANA

Hizi ndizo utakazokutana nazo sana ukinunua vitu vilivyotumika.

1. Diski za zamani za IDE zina waya mpana kama utepe na pini 40. SATA ilianza kuuzwa mwaka 2003, na mazabodi za sasa hazina tena mahali pa ule utepe. Mtahitaji kiunganishi cha USB chenye stima yake. Diski hizo pia zina kipini kidogo cha kupanga nani mkubwa nani mdogo. Mbili zikiwa kwenye waya mmoja na zote zimepangwa kuwa wakubwa, hazipatani.

2. Diski za SAS hutolewa kwenye mashine kubwa za maofisi. Zinafanana sana na SATA, ila pale kwenye pengo kati ya meno, SAS imezibwa. Kompyuta ya kawaida haiwezi kuitumia, hata ikiuzwa bei ya kutupa.

3. Katika mazabodi kadhaa, ukichomeka diski kwenye tundu la M.2, tundu moja ama mawili ya SATA huzimwa. Unaongeza diski mpya, ile ya zamani inapotea. Hakuna aliyeiba. Hamisha waya kwenye tundu lingine.

4. Mazabodi za zamani sana haziwezi kuhesabu zaidi ya gigabaiti 137. Na njia ya kale ya kugawa diski, inayoitwa MBR, huishia karibu terabaiti 2. Diski ikizidi hapo, igawanywe kwa njia ya GPT ingali tupu.

5. Diski nyingine imefungwa kwa kufuli la BitLocker. Ikihamishwa kwenye mazabodi nyingine inaweza kudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo uandikwe leo, uwekwe kwenye faili la kikundi, si kwenye kichwa cha mtu mmoja.

KUANZIA KWA RAHISI

Wakati wa kutafuta shida, zimeni kompyuta, chomoeni waya kutoka ukutani, na mguse chuma cha sanduku kabla ya kushika vipande, kwa sababu umeme mdogo wa mwilini unaweza kuviharibu. Badilisheni kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha vitatu pamoja, hata ukipona hutajua dawa ilikuwa gani.

Anzeni na kisichogharimu pesa: chomoa uchomeke tena, badilisha tundu. Halafu waya mwingine wa kuazima. Halafu peleka diski kwa kompyuta nyingine, shuleni ama kwenye saiba ya mtu mnayemwamini. Ikionekana huko, diski ni nzima, ugomvi uko kati yake na mazabodi yenu. Isipoonekana popote, na waya ni mzuri, na aina ya tundu inalingana, hapo ndipo mseme diski ni mgonjwa. Kuweka BIOS mpya kuwe karibu na mwisho, tena si siku stima inapotea potea, maana ikikatika katikati mazabodi inaweza isiwake tena. Kununua diski nyingine kuwe mwisho kabisa.

Kila hatua iandikwe: tarehe, nani aliyefanya, nini kimebadilishwa, na nini kimetokea. Wanachama wawili wawepo. Kuandika huko kunamlinda kijana anayewasaidia, na kunalinda kikundi. Mtu akiuliza, hamjibu kwa kuapa. Mnafungua daftari.

KABLA YA KUNUNUA

Andikeni namba ya mazabodi yenu kwenye karatasi, na msome kitabu chake kinasema inakubali nini. Muuzaji aulizwe: Ni SATA ama NVMe? Urefu wake ni gani? Namba kama 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Ikikataa, naweza kuirudisha kwa siku ngapi? Risiti iandikwe namba ya diski yenyewe. Muuzaji akikasirika kwa maswali hayo, mwageni kwa heshima, mwende duka la pili.

DISKI MOJA HAITOSHI

Hata mkijua haya yote, diski itakufa siku moja. Kwa hivyo baada ya kila mkutano nakilini hesabu kwenye flashi mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Mara moja kwa mwezi chapisheni ukurasa wa mikopo, na viongozi watatu watie sahihi. Karatasi haihitaji tundu la aina yoyote.

Tena mkumbuke kwamba ndani ya diski kuna namba za vitambulisho na za simu za watu. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Msiuze diski ya zamani ama kuiacha kwa fundi hivi hivi. Ifuteni yote kwanza, baada ya kunakili. Na iliyokufa msiitupe kwenye takataka. Nairobi kuna WEEE Centre inayopokea vyombo vya umeme vilivyokwisha.

Nimalize. Kijana anayewaunganishia kompyuta kwa bei nafuu ni mali ya kikundi. Mpeni muda wa kutafuta shida kabla ya kumpa jina baya. Na wewe kijana, usipojua sema hujui, uulize. Hakuna mama atakayekukasirikia kwa kuuliza. Watakukasirikia kwa kubahatisha na akiba yao.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kompyuta yetu ikifa leo jioni, tutajuaje kesho asubuhi nani ana deni gani?

2. Ni watu wangapi wanajua nywila na ufunguo wa diski yetu? Wakisafiri je?

3. Kuna mtu tuliyewahi kumshuku kwa sababu ya mashine? Tumemwendea?

 Sasa tuyajadili hayo maswali, na tuanze na la tatu.