Nani Anakusomea Simu Yako?

Mazungumzo haya yalisomwa mbele ya wanakisomo wa madarasa yetu mawili ya jioni, msimu wa kuuza pamba.



  Leo hatutafungua kitabu. Tunataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi wenu mnacho hapa hapa, kwenye pindo la kanga au mfuko wa shati. Kitu hicho ni simu.

Sisi walimu wenu tumekuwa tukisikiliza maneno ya watu. Kisimani, kwenye mashine ya kusaga, kwenye kahawa, habari ni hizo hizo. Mmoja anasema, "Kompyuta ina akili kumshinda mtu. Ikishasema imesema." Wa pili anasema, "Mambo hayo ni ya watoto, sisi tumeshazeeka." Wa tatu anasema, "Gemu zitatumalizia vijana." Na wa nne, ambaye pamba yake imekubali mwaka huu, anasema, "Lazima ninunue simu ya kupangusa, jirani yangu anayo." Hebu tuyapime maneno haya.

Kwanza tuelewane kompyuta ni nini. Kompyuta ni mashine ya kuhesabu. Ndani yake mna vijisehemu vidogo sana, mamilioni kwa mamilioni. Kila kimoja kinajua mambo mawili tu, kuwaka au kuzimika, kama taa. Kwa kuwasha na kuzima upesi sana inajumlisha, inatoa, inatunza majina, inaonyesha picha. Huko Marekani mwaka 1946 watu walionyeshwa kompyuta iliyoitwa ENIAC. Uzito wake ulikuwa kama tani 27 na ilijaza chumba kikubwa. Simu ndogo ya tochi uliyo nayo wewe mama inahesabu upesi kuliko ile. Kwa hiyo usiseme hujawahi kuishika kompyuta. Unayo mkononi.

Sasa je, ina akili kumshinda mtu? Tutoe mfano wa mizani ya pamba. Mkulima amepima kilo 76. Karani amekosea, ameandika 67. Tuseme bei ni shilingi 1,100 kwa kilo. Kompyuta itazidisha 67 kwa 1,100, itapata 73,700, na itachapa stakabadhi safi kabisa. Haikukosea hesabu hata kidogo. Lakini haki ya mkulima ni 83,600. Shilingi 9,900 zimepotea, na mashine haina habari. Haikuiona ile pamba. Imeona namba iliyoandikwa na mtu. Basi mtu akikuambia, "Mzee, kompyuta ndiyo imesema," muulize, "Nani aliyeiambia?" Halafu soma stakabadhi yako mwenyewe kabla hujaondoka pale mizanini.

Jambo hili si geni katika nchi yetu, na lina historia ambayo vijana wengi hawaijui. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ya Tanzania ilipata kompyuta, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza nchini. Ilitegemewa isaidie hesabu za Serikali. Kazi haikwenda vizuri. Mashine zilinunuliwa kwa fedha za kigeni, ambazo hazikuwa nyingi. Wataalamu wa kuziendesha wengi wao walikuwa wageni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuleta kompyuta kutoka nje, isipokuwa kwa kibali maalumu. Marufuku hiyo ililegezwa baadaye, kisha ikaondolewa kabisa.

Siku hizi watu wakisikia habari hiyo wanacheka. Ati nchi nzima iliogopa mashine! Sisi hatucheki. Waliotoa amri ile waliona jambo la kweli, kwamba mashine isiyoeleweka na wenyewe inakuwa mali ya yule anayeielewa. Hapo walikuwa sahihi. Lakini pia ni kweli kwamba marufuku haikumfundisha mtu yeyote kuisoma ile mashine. Ilichelewesha somo tu.

Radio je? Wazee mliopo hapa mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikaa kwa vikundi. Radio katikati, kitabu mkononi, na kiongozi wa kikundi wa kuongoza majadiliano. Walisikiliza, wakasoma, wakabishana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka majani karibu na nyumba. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai kwa mpango huo huo. Hakuna aliyesema radio ni ya watoto. Radio ilifaa kwa sababu watu hawakuiacha iseme peke yake. Walikuwa na kitabu cha kulinganisha, na mwenzao wa kuuliza.

Turudi kwenye simu, hasa lile neno la pili, kwamba mambo haya ni ya watoto. Hapo ndipo tunaona hatari kubwa, na hapo tutakaa kidogo.

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007. Mwaka 2008 ikafika Tanzania. Leo fedha nyingi za kijiji zinapita humo. Mtoto aliye mjini anatuma humo, na wanunuzi wengi wa mazao wanalipa humo. Zamani mtu asiyejua kusoma aliibiwa barua tu. Leo anaibiwa mfuko mzima.

Mama mmoja wa darasa la hatua ya pili alikuwa na desturi ya kwenda kwa wakala kila alipotumiwa fedha na mwanawe. Anamkabidhi wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, watu wote wa foleni wakisikia. Wakala anabonyeza, anampa fedha, mama anashukuru na kwenda zake. Siku moja alikuja darasani mapema. Akasema, "Mwalimu, leo nataka nisome kitu changu, si cha kitabu." Akafungua meseji. Akaisoma polepole, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari. Meseji ilisema ametoa shilingi 120,000. Akanyamaza. Akaisoma mara ya pili. Kisha akatoa fedha kwenye pindo la kanga akazihesabu mbele yetu. Zilikuwa 100,000.

Darasa zima lilikaa kimya. Wengine walianza kupapasa simu zao.

Mama yule alikwenda kwa wakala pamoja na mwenyekiti wa kitongoji, akamsomea meseji ile. Alirudishiwa shilingi 20,000. Alipotaka kuuliza habari za safari zilizotangulia, hakuwa na ushahidi, kwa kuwa meseji za nyuma zilikuwa zimefutwa. Aliyezifuta ni nani? Simu ilikuwa mikononi mwa nani?

Ndugu zetu, mawakala wengi ni watu waaminifu, na bila wao tungekuwa na shida. Lakini mwaminifu hahitaji namba yako ya siri. Ukitoa fedha, bonyeza mwenyewe. Kama vidole ni vizito, bonyeza taratibu, foleni itangoja. Soma kiasi kabla ya kukubali. Meseji ikija, isome pale pale, uhesabu fedha pale pale. Na meseji usiifute. Hiyo ndiyo stakabadhi yako.

Mzee mmoja alituuliza, "Nisimpe mjukuu wangu namba ya siri, nimpe nani?" Babu, mjukuu ni mtoto mwema. Lakini mjukuu ana rafiki, na rafiki ana kaka yake. Namba wanayoijua watu watatu si ya siri tena, ni ya kijiji.

Kuna pia wale matapeli wa mbali. Meseji yao karibu kila mtu ameshaipata: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Haina salamu, wala haitaji hela ipi. Inafanya kazi kwa sababu kati ya watu wengi wanaoipata, hamkosi mmoja ambaye siku hiyo hiyo alikuwa anataka kumtumia ndugu yake fedha kweli. Yeye hudhani ni ndugu yake amebadili laini. Dawa yake si ngumu. Mpigie ndugu yako kwa namba unayoijua, usikie sauti yake. Mwingine hukupigia akisema amekosea, fedha zake zimeingia kwako, umrudishie haraka. Usimrudishie kwa maneno yake. Angalia salio lako mwenyewe. Kama limeongezeka kweli, piga namba 100, huduma kwa wateja ya kampuni yako, wao wanajua utaratibu. Namba ya tapeli unaweza kuipeleka kwa meseji kwenda 15040.

Jambo jingine ni laini. Tangu mwaka 2019 laini zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Wapo watu walioambiwa, "Weka kidole tena, hakijashika," kumbe wanasajiliwa laini ya pili ya kwenda kwa mtu mwingine. Laini hiyo ikitumika kwa wizi, jina litakaloonekana ni lako. Piga *106# ufuate maelezo, utaona ni laini ngapi zina jina lako. Maelezo ni ya Kiswahili. Mnaweza kuyasoma. Mwaka jana baadhi yenu msingeweza.

Sasa hizo gemu. Wazazi wengi wanalalamika juu ya kibanda kile cha senta, chenye televisheni na vishikio vya kuchezea mpira wa kwenye kioo. Watoto wanatoroka shule na kumalizia huko hela ya daftari. Ni kweli, tumewaona. Lakini tuseme na kweli nyingine. Mwaka 1997 kampuni ya Nokia ilitoa simu yenye mchezo wa nyoka anayekula na kurefuka. Mwaka 2003 ikaja Nokia 1100, ile yenye tochi, ambayo ziliuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ni watu wazima wangapi hapa walikesha na nyoka yule mpaka betri likaisha? Tusinyoosheane vidole! Na bao je? Bao si mchezo? Wapo wazee wanaolicheza tangu saa nne asubuhi mpaka jua linazama, na hakuna anayeitisha mkutano.

Maoni yetu ni haya. Mchezo wa mpira kwenye kioo si dhambi. Ubaya ni saa za shule na hela ya daftari, na hayo yanazungumzwa na mwenye kibanda. Asipokee mtoto mwenye sare kabla ya jioni. Mzee wa kitongoji anaweza kumwambia hivyo leo hii. Lakini pembeni ya vibanda vya namna hiyo mara nyingi huwekwa mashine nyingine, ile ya kutumbukiza sarafu, vijana wanaiita dubwi. Hiyo usiichanganye na gemu. Ile ni kamari. Imetengenezwa kwa hesabu, na hesabu yake ni kwamba mwisho wa siku sarafu nyingi zibaki ndani. Hakuna ufundi wa kuishinda. Sheria ya nchi inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari. Wazazi wanapigana na gemu wakati dubwi linawamaliza watoto hapo hapo mlangoni.

Neno la mwisho ni la kununua. Hatumkatazi mtu. Simu ya kupangusa ina faida zake. Inaonyesha picha ya mdudu wa pamba, inasoma magazeti. Lakini inakula chaji, na pengine ukitaka kuchaji unalipia dukani. Inakula bando. Kioo chake kikipasuka, fundi atataka fedha nyingi. Jiulize kwanza unataka ikufanyie kazi gani. Kama ni kupiga, kupokea fedha na kumulika njia, ile ya tochi inatosha. Usiuze mbuzi kwa sababu ya jirani.

Ukinunua, usikubali boksi zuri tu. Bonyeza *#06#. Zitatokea tarakimu 15. Zilinganishe na zile za kwenye boksi, moja moja. Zisipolingana, iache. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 simu bandia zilizimwa Tanzania nzima, na walioumia ni wanunuzi. Wauzaji walikuwa wameshaweka fedha mfukoni.

Basi ndugu zetu, tumekubaliana na kamati ya kisomo kwamba Jumatano ijayo tutakaa kwa vikundi vya watu watano watano, simu katikati na daftari mkononi. Kila mmoja aje na meseji tatu za fedha ambazo hajazifuta. Tutazisoma kwa sauti, kisha kila mtu aandike kwenye daftari tarehe, kiasi kilichoingia, kiasi kilichotoka na makato. Asiye na simu atakaa na mwenzake. Miwani msisahau, maandishi ni madogo. Wenye betri lililochoka wachaji kabla, kwa sababu hapa darasani tuna taa moja tu ya sola.