Mashine Inapopokea Simu: Upatanisho wa Kisarufi katika Huduma za Sauti



Naomba tuanzie Mamba, katika Mpimbwe, wilaya ya Mlele. Mamba iko kwenye Bonde la Rukwa, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, katika eneo lililokuwa sehemu ya Mkoa wa Rukwa hadi Mkoa wa Katavi ulipoundwa mwaka 2012. Huko wakulima wa Kipimbwe na wafugaji wa Kisukuma wanaishi pamoja, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa mkazi wa Mamba, simu moja huweza kuokoa nauli na siku nzima ya safari ya Mpanda. Lakini siku hizi anayeipokea simu hiyo mara nyingi si mtu, ni mashine. Hoja yangu ni kwamba uvumbuzi huu umekamilika kwa upande wa umeme, ila haujakamilika kwa upande wa lugha. Kazi iliyobaki ni yetu sisi wanaisimu.

Tuitazame historia yake kwa ufupi. Alexander Graham Bell alipata hataza ya simu mwaka 1876. Kwa miaka mingi kila simu ilipita mikononi mwa opereta, ambaye aliunganisha nyaya kwa mkono. Mwaka 1891 Almon Strowger wa Marekani, aliyekuwa mzishi kwa kazi yake, alipewa hataza ya mtambo wa kuunganisha simu wenyewe. Inasimuliwa kwamba aliwashuku maopereta kuwapeleka wateja wake kwa mshindani. Mwaka 1963 zikaja simu za vibonyezo, ambazo kila tarakimu yake hutoa milio miwili kwa pamoja. Kibonyezo cha tano, kwa mfano, hutoa mlio wa mitetemo 770 kwa sekunde na mwingine wa mitetemo 1,336. Milio hiyo husafiri njia ileile ya sauti, hivyo mashine iliyo upande wa pili huweza kuisikia na kuitambua. Hapo ndipo ilipowezekana kumwambia mpigaji, "Bonyeza moja," na kumwelewa anapobonyeza. Kwetu hata vibonyezo vya pembeni vimepata majina: nyota na alama ya reli.

Sasa tuisikilize mashine yenyewe. Sote tumewahi kuambiwa kwamba mteja tunayempigia hapatikani. Litazameni neno "unayempigia": u-na-ye-m-pig-i-a. Lina mofimu saba, na kila moja iko mahali pake. Sentensi hiyo haina kosa kwa sababu ilisemwa nzima na binadamu, kisha ikahifadhiwa. Imetuingia hata katika mazungumzo: nchini Kenya, kusema kwamba mtu "ni mteja" ni kusema kwamba hapatikani kwa simu.

Matatizo huanza mashine inapolazimika kuunga sentensi kutokana na vipande. Katika Kiingereza, kipande kimoja cha sauti chenye tarakimu tatu hutosha kuhesabia watu, mifuko na miezi. Mhandisi anayeuchukua mpango huo na kuutia Kiswahili atapata "mifuko tatu" na "vifurushi tatu". Sisi tunasema watu watatu, mifuko mitatu, magunia matatu, vifurushi vitatu, dakika tatu. Tena upatanisho huo huzama hadi ndani ya hesabu: vifurushi ishirini na vitatu. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hufuata ngeli. Sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Kanuni hii mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua. Kinachotakiwa ni aketi na mhandisi kabla sauti hazijarekodiwa, si baada yake.

Huenda mtu akasema kwamba "mifuko tatu" inaeleweka, basi yanini kujisumbua? Namjibu kwa mfano wa saa. Tuseme zahanati inatumia mashine kuwakumbusha akina mama siku ya kliniki. Katika kompyuta imeandikwa 8:00, nayo mashine inasoma "saa nane". Mama wa Mamba, ambaye saa zake huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, atambeba mtoto na kufika saa nane mchana, ilhali muuguzi alimtarajia saa mbili asubuhi. Kila neno alilosikia lilikuwa Kiswahili, lakini fikra haikuwa ya Kiswahili. Hapa kosa la lugha limemkosesha mtoto huduma, wala si jambo la kuwachekesha walimu wa sarufi.

Liko pia suala la mashine kusikiliza. Mwaka 1952 watafiti wa Bell walitengeneza mtambo ulioitwa Audrey, ulioweza kutambua tarakimu zikitamkwa na mtu uliyezoea sauti yake. Mitambo ya leo hujifunza kwa sauti za watu wengi. Mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ulioanza mwaka 2017, hukusanya sauti zinazotolewa kwa hiari, na Kiswahili kimo. Lakini mashine huwaelewa wale iliowasikia. Baadhi ya wasemaji wa Kisukuma hutamka "kuludi" pale tunapoandika "kurudi". Muuza duka wa Mamba hasiti hata kidogo kumwelewa mteja huyo. Mashine iliyofundishwa kwa sauti za mjini peke yake itamwomba arudie, kisha arudie tena, mpaka salio limwishie.

Wanafunzi wangu, nawaachieni kazi mbili. Ya kwanza ni kuandika kanuni za hesabu, saa na upatanisho kwa namna ambayo mhandisi anaweza kuitumia. Ya pili ni kurekodi Kiswahili kama kinavyosemwa Mamba, kwa ridhaa ya wasemaji wake na bila kukisahihisha. Mashine inayozungumza na wananchi inapaswa kusema Kiswahili sanifu. Lakini inapowasikiliza, haina budi kukijua Kiswahili chao wote.